Kusalimia Tangi la Oili

Watu wa mji huu husema baba yangu amemalizwa na sukari. Mimi husema amemalizwa na sifa. Sukari iliua mikono yake na nyayo zake, hilo silikatai, lakini waliomzuia asijue kwamba vimekufa ni watu waliokuwa wakimsifu, na wa kwanza wao alikuwa kaka yangu mkubwa. Naandika haya nikiwa bado na hasira, na sitaki mtu anipoze.

Baba alikuwa mhudumu wa mifugo wa serikali, mmoja wa wale waliokuwa wakipita bomani kwa watu wakichanja ng'ombe na kuangalia ngamia wenye homa. Kazi hiyo aliifanya juu ya pikipiki ya Kiingereza ambayo ilikuwa kuukuu hata siku aliyokabidhiwa. Ofisi ilipoletewa magari, pikipiki ikapigwa mnada, na baba akainunua kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Alistaafu nayo. Mama alipofariki, alibaki nayo. Sisi watoto tulijua kabisa kwamba ukimtaka baba akusikilize, uanze na habari za pikipiki.

Pikipiki za bodaboda hubeba oili yake ndani ya injini, chini, na mwenye nayo haioni mpaka siku ya kuimwaga. Ile ya baba ilikuwa na tangi la oili pembeni, jeusi, limekaa chini ya kiti upande wa kulia, karibu na paja la dereva. Oili ilitoka humo, ikashuka kwenye injini, ikazunguka kwenye moto wote ule, kisha ikarudi tangini. Kwa hiyo aliyetaka habari za injini alizipata kwenye tangi. Likiwa vuguvugu, endelea na safari. Likichoma, oili imeshakuwa nyepesi kama maji, haishiki tena vyuma visisagane, na ukikazana kwenda utarudi kwa miguu.

Geji ya joto haikuwapo. Baba alitumia kiganja cha mkono wa kulia, na kwa kuwa hakuvaa saa, alijipimia muda kwa salamu. Sisi Waborana hatusalimiani kwa neno moja tukapita. Tunaulizana nagaa, yaani amani, kisha amani hiyo tunaifuatilia mlango kwa mlango: nyumba ina amani? Watoto? Ng'ombe? Mbuzi? Majirani? Majani yakoje huko? Mvua? Kisima? Baba alikuwa akisimamisha pikipiki, analaza kiganja juu ya tangi, na kulisalimia kwa sauti kana kwamba amekutana na mzee mwenzake njiani. Kiganja kikiruka kabla ya watoto, tulikaa kivulini mpaka ipoe. Kikivumilia hadi kwa ng'ombe, tulipanda tukaenda. Siku za baridi aliwahi kufika kwa mbuzi, na siku hiyo yote alikuwa mtu wa furaha.

Pale Ngaremara, akina mama wauzao kando ya lami walimjua kwa hilo. Walimwona akiegesha, wakaanza kucheka kabla hajainama. Mmoja alikuwa akimjibu kwa niaba ya tangi, "Watoto wako salama, mzee, isipokuwa huyu mdogo ana mafua." Baba alifurahia. Mafundi wa jua kali mjini walikuwa wakiwaonyesha wanafunzi wao, kwamba tazameni mzee huyu, pikipiki ya mkoloni inatembea mpaka leo na hajawahi kufungua injini. Ilikuwa kweli. Kiganja kile kilikuwa kizuri. Nasema hivyo ili isionekane kwamba nilikidharau tangu mwanzo.

Nilirudi kuishi nyumbani ndoa yangu ilipovunjika. Ninafanya kazi kwenye maabara ya shule ya sekondari, naandaa vifaa vya majaribio ya kemia, na kazi hiyo imenizoesha kuangalia vipimo kuliko maneno ya mtu. Labda ndiyo sababu nilikuwa wa kwanza kusikia salamu zikirefuka.

Nilikuwa nikianua nguo uani siku baba alipoingia kutoka safarini, jua likiwa utosini. Akaegesha, akalaza kiganja. Nyumba ina amani? Watoto? Ng'ombe? Nikangoja ainue mkono. Mbuzi? Majirani? Majani? Nilisimama na shuka mkononi. Akaenda mpaka mvua, akaenda mpaka kisima, akamaliza salamu yote iliyopo katika lugha yetu, na mkono bado umelala pale kama wa mtu aliyeshika kichwa cha mjukuu. Alipouinua, alinigeukia na uso unaong'aa.

"Intala," aliniita, kwa lile neno letu la binti, "unaona hii injini? Imerudi kijana."

Alipokwenda kutawadha nililigusa tangi kwa ncha ya kidole. Nilikirudisha kidole mdomoni bila kupenda.

Baada ya hapo nilianza kumtazama. Nilimwona akirudi kutoka msikitini na kandambili moja. Nyingine ilikuwa imemtoka njiani, naye hakujua mpaka nilipomwuliza iko wapi. Alicheka, akasema uzee huo. Niliona mwiba wa mgunga uliovunjikia kwenye kisigino chake, umekaa humo hata ngozi imeuzunguka. Kisha nikauona mkono wenyewe alipokuwa akipokea sahani. Kiganja cha kulia kilikuwa na malengelenge, mengine mapya, mengine yamepasuka na kukauka.

"Aba, mkono yako imefanya nini?"

"Jembe," alijibu.

Hatukuwa na jembe. Hatujawahi kulima.

Sasa mtu wa mbali atauliza kwa nini sikusema pale pale: Aba, mkono wako umekufa, una sukari, twende hospitali kabla hujapoteza mguu. Anayeuliza hivyo hakulelewa nyumbani kwetu. Binti anaweza kumwambia baba yake kwamba ng'ombe anachechemea, paa linavuja, pikipiki inachemka. Mwili wa baba hauzungumzwi mpaka baba auzungumze mwenyewe. Hata hivyo nilijaribu. Nilisema hospitali kuu wanapima sukari, twende sote wa nyumba hii, na mimi nitapimwa. Akanitazama kama nimemvua kilemba mbele ya watu.

"Nani mgonjwa hapa?"

"Hakuna, Aba. Ni kujua tu."

"Mimi nimepima homa ya wanyama maisha yangu yote. Nikigonjeka nitajua."

Basi nikaamua kusema kwa lugha iliyoruhusiwa. Ningesema kwa oili. Kama hangekubali kusikia kwamba mkono unamdanganya, angeona kwa macho yake kipimo kinachopingana nao, na kwa kuwa alikuwa mtu wa akili, angemaliza hesabu mwenyewe. Nilitafuta geji ya joto ya oili, ile inayofungwa mahali pa kifuniko cha tangi, yenye mshale juu na kijiti kirefu kinachozama ndani. Ilitumwa kutoka Nairobi kwa basi. Nyuzi za kifuniko chetu hazikulingana nayo, kwa hiyo fundi mmoja wa mjini akaichongea pete ya shaba ikakaa vizuri. Fundi huyo alinisifia. Alisema wenye pikipiki za namna hii huko nje wote wanazo, kwa sababu injini ya hewa kama hii haina maji ya kuipoza, kila kitu kimeachiwa oili na upepo.

Baba aliipokea kwa heshima kubwa. Alipanguza kioo chake kwa ncha ya shuka. Kwa siku kadhaa aliiita mgeni, na kabla ya kuwasha aliitazama, akaniambia mshale umelala. Nilianza kuwa na matumaini, nikajilaumu kwa kuchelewa kuinunua.

Kisha akaenda Gotu na kurudi mchana. Ng'ombe wetu walikuwa Gotu na mchungaji wa kuajiriwa, na lazima mtu wa familia afike kila mara kuwaona, la sivyo utaambiwa fisi amekula. Baba aliingia uani huku wazee wawili jirani wamekaa na kaka yangu kwenye mkeka, wakiongea bei za mbuzi. Mshale ulikuwa umevuka sehemu nyekundu na kugonga mwisho. Nilimwona baba akiutazama. Halafu akalaza kiganja, akaanza: nyumba ina amani? Watoto?

Alifika mpaka kisimani. Wazee wakasema mashallah.

"Mgeni wako anadanganya," aliniambia mbele yao.

Niliingia jikoni nikachemsha maji. Sikuwa na hasira bado, nilikuwa na haraka. Nilifungua geji kwa kitambaa, nikakitumbukiza kijiti chake kwenye sufuria mbele yao wote, mshale ukaenda ukasimama sawasawa penye mia moja, pale maji yanapochemkia. Niliwaonyesha. Mzee mmoja alitikisa kichwa kwa kukubali.

Baba hakukasirika. "Inajua maji," alisema. "Maji inachemka kila mahali. Hii chuma iliundwa Ulaya, kwa baridi. Inajua jua la hapa? Hapa kila kitu iko moto. Mtu pia iko moto."

Wakacheka. Ilikuwa ni mzaha mzuri, nakubali, na baba alikuwa na kipaji cha mizaha. Ndipo nikamwomba kaka yangu.

"Wewe shika tangi," nilimwambia. "Weka mkono tu, useme."

Kaka yangu ana duka la dawa za mifugo mjini. Yeye ndiye aliyepaswa kuwa anakwenda Gotu, kwa umri na kwa zamu, na tangu baba astaafu alikuwa hajakwenda hata kidogo, maana mzee anapenda safari, mzee yuko imara, mzee tumwache na pikipiki yake. Aliinuka, akajinyoosha, akaenda pale penye pikipiki. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili, kwa hiyo nilimwona vizuri kuliko wale walioketi. Aliweka kiganja. Vidole vyote vitano viliruka kabla hata kiganja hakijatulia. Uso wake ulikunjana. Akauingiza mkono mfukoni, akageuka.

"Iko sawa, Aba," alisema.

Nilimtazama. Hakunitazama. Akaongeza, akiwaambia wazee, "Dada yetu amekaa sana na watoto wa shule. Anataka kila kitu iwe na namba."

Wakacheka tena. Baba akacheka kuliko wote. Alifurahi kama mtu aliyeshinda kesi, na usiniulize kama nilitamani kumwinua kaka yangu ule mkono na kuwaonyesha wazee wekundu wake. Nilitamani. Lakini baba alikuwa ameketi katikati ya watu wa rika lake, amesifiwa, mwanawe wa kwanza amemtolea ushahidi. Nilichukua sufuria nikamwaga maji.

Nilimfuata kaka dukani kesho yake. Alikuwa peke yake, anapanga chupa za dawa ya kupe. Kiganja kilikuwa kimefungwa plasta, na hakujisumbua kukificha kwangu.

"Uliungua," nikamwambia.

"Kidogo."

"Yeye haungui. Unaelewa maana yake?"

"Naelewa." Aliendelea kupanga chupa. "Unataka nifanye nini, nimwaibishe mbele ya wazee? Mtu mzima yule. Ile pikipiki ndiyo imebaki. Ukimnyang'anya hiyo atakufa."

"Asipotibiwa ndiyo atakufa."

"Tutaongea naye pole pole," alisema. "Si leo. Wiki hii kuna mnada, niko na kazi mingi. Na mtu lazima aende Gotu."

Hilo la mwisho alilitamka kama mtu anayesema mvua imekatika, jambo lisilo na mwenyewe. Nilitoka dukani nikijua kwamba ndani ya familia nzima kuna watu wawili wanaojua, na mmoja wao amechagua ng'ombe.

Nilipoona baba anajiandaa kwa safari iliyofuata, nilimwambia nitakwenda naye, shule imefungwa, nimetamani maziwa ya huko. Alifurahi. Nilipanda nyuma nikiwa na mpango wa kuchungulia mshale juu ya paja lake, na kila ukikaribia nyekundu nimwombe asimame, mara nina kiu, mara nataka kujisaidia, mara kitambaa kimepeperuka. Nilikuwa tayari kujifanya mtoto njia nzima. Tuliposimama kuweka petroli kabla ya kutoka mjini ndipo nilipoona kifuniko cha zamani kimerudishwa mahali pake. Geji alikuwa ameifungua asubuhi akaiacha dirishani.

"Mgeni apumzike," alisema. "Barabara ya vumbi itamharibu."

Tulisimama Ngaremara. Aliegesha, akainama, akalisalimia tangi mbele ya wale akina mama, na akafika mpaka mvua. Hakuna aliyecheka. Walikuwa wameshazoea, na yule wa kujibu alikuwa anahudumia mteja. Nilimwambia Aba, tukae kidogo, mgongo unaniuma. Tulikaa muda mfupi, akachoka, akasema ng'ombe hawatungoji. Tulipoiacha lami kuelekea Gotu, barabara ikawa changarawe na mchanga, gia ya pili, gia ya kwanza, gia ya pili, mwendo wa pole na kazi nzito, upepo hakuna. Joto la tangi nililisikia kupitia sketi. Nikapiga bega lake. Nilipiga tena.

"Aba, simama! Oili inachemka!"

"Nimeisalimia," alijibu bila kugeuka.

Injini haikulipuka wala kutoa kishindo. Ilianza kulia sauti nyembamba, mlio wa chuma kinachokwaruza chuma, halafu gurudumu la nyuma likafunga, tukaserereka upande mmoja, na baba kwa ustadi wake wa miaka yote akaikamata isianguke. Tukasimama katikati ya njia. Baba alibaki amekaa juu ya kiti, mikono kwenye usukani, akiitazama barabara iliyo mbele kama bado anaendesha.

"Ni hii oili ya siku hizi," alisema baadaye. "Wanachanganya."

Ndipo niliposikia harufu. Nilidhani ni waya, kisha nikadhani ni mpira wa kiti. Nikashuka, nikazunguka, na kuona kandambili ya mguu wake wa kulia imeyeyuka juu ya bomba la moshi na kushikana nalo. Mguu wenyewe ulikuwa umeegemea bomba hilo, kifundo na ubavu wa unyayo. Ulikuwa ukiungua, nami niliweza kuusikia ukiungua.

"Aba, mguu!"

"Nini?"

Nilimshika shavu la mguu nikauvuta. Ngozi nyingine ilibaki kwenye chuma. Baba aliinama akautazama mguu ule, kisha akanitazama mimi, kisha mguu tena. Sitausahau ule mtazamo. Hakuwa na maumivu hata kidogo usoni. Alikuwa kama mtu aliyeletewa mguu wa mtu mwingine, akaombwa autambue.

Tulibebwa na lori la mbuzi kurudi mjini. Pikipiki tuliiacha kwa watu wa boma la karibu, ikaja siku nyingine juu ya lori lingine. Kwenye kona ya kuingilia hospitali nilimwambia dereva akate, na baba akamwambia aende moja kwa moja, nyumbani. Dereva alimtii baba. Huo ndio utaratibu wa dunia yetu. Kidonda kikatibiwa nyumbani kwa asali, na majani, na sabuni, na ushauri wa kila mgeni. Kaka yangu alikuja na dawa ya unga ya vidonda vya ng'ombe kutoka dukani kwake. Kwa kuwa hakikuuma, kila mtu alisema kinaendelea vizuri. Baba mwenyewe aliwaambia wageni, "Hata sisikii," na wao wakamshukuru Mungu. Mimi nilikuwa nikinusa kile kitambaa kila nilipokibadilisha, nikiwaambia kinaoza, nikaambiwa niache kumtia mzee hofu.

Alipoanza kutetemeka na kusema maneno yasiyoeleweka, ndipo kaka yangu alipoleta gari.

Muuguzi aliyempokea alikuwa msichana wa Kimeru, mdogo, mwenye sauti ya upole. Baada ya kumtuliza na kumwekea maji, siku alipopata fahamu vizuri, alikuja kumpima mguu uliobaki mzima na mikono yake yote miwili. Alimwambia, "Mzee, funga macho. Nitakugusa na hii kitu. Ukisikia, sema ndiyo." Alikuwa na kijiti chenye uzi mgumu kwenye ncha. Baba akafumba macho kwa utii ambao sikuwahi kuuona kwake. Muuguzi akagusa kidole gumba. Akagusa cha pili. Akagusa unyayo, kisigino, kisha akahamia mkono wa kulia, kiganja, kila kidole. Kisha akaandika kitu, akaweka kijiti mfukoni.

Baba bado alikuwa amefumba macho.

"Anza basi," alisema.

Muuguzi alinitazama mimi. Kaka yangu akatoka nje, eti simu inaita. Baba alifumbua macho mwenyewe, akaona vifaa vimeshafungwa, na akaelewa. Nilikuwa nimelisubiri jambo hilo, hesabu ile aimalize mwenyewe. Sikujua kwamba litakuwa baya kiasi hicho kulitazama.

Mguu ulikatwa chini ya goti. Alipozinduka hakuulizia mguu. Aliniita karibu.

"Ulijua?"

"Nilikuambia, Aba."

"Uliniambia oili," alisema. "Siku zote oili, oili, oili. Habari zangu hukuniambia."

Nilimkumbusha ile siku ya hospitali, nilivyomwomba twende sote. Alisema hakumbuki. Na kwa kuwa nilikuwa nimechoka, na kwa kuwa kaka yangu alikuwa nje kwenye korido anapokea pole za watu kama bwana harusi anavyopokea hongera, nilimwambia baba yote. Nilimwambia kaka alishika tangi akaungua. Nilimwambia alificha mkono mfukoni. Alisema iko sawa huku kiganja kinawaka.

Baba aliutazama mlango wa korido. Nikadhani sasa. Nikadhani angalau hili moja atanipa.

"Alikuwa ananiheshimu," alisema.

Katika nyumba yetu aliyedanganya alimheshimu, na aliyesema kweli alisema kweli ya pikipiki. Wageni wanaokuja kumwona huambiwa hivyo hivyo mbele yangu: binti alijua, akaishia kwenye oili. Baadhi yao hunitazama vibaya. Wengine huniambia nisiweke moyoni. Kaka yangu anapokuwapo huongeza kwamba tangu geji ile iingie nyumbani mambo yalienda mrama, na mimi hutoka nikaenda kufua, hata kama hakuna nguo chafu. Ng'ombe waliuzwa wengi, waliobaki wakahamishwa kwa shemeji wa mtu huko Rapsu. Gotu hakuna tena wa kwenda. Fundi alifungua injini, akasema beringi za chini zimesagika zote lakini vyuma vyake bado vinapatikana, akitokea wa kuvitaka.

Baba sasa anaishi chumba cha mbele. Asubuhi ninampelekea chai ya maziwa ya ngamia kabla sijaenda kazini. Mikono yote miwili imeshakufa mpaka juu ya kifundo, na mdomo umeshaungua mara mbili kwa sababu kikombe hakikumwonya. Kwa hiyo siku hizi hukipokea, hukishika mbele ya kifua, hunitazama.

"Iko moto?" huniuliza.

Nikisema ndiyo, hungoja. Nikisema imepoa, hunywa palepale, funda kubwa, bila kuonja kwanza wala kupuliza. Hunywa hivyo kila asubuhi, nami husimama mlangoni nikimtazama, nikiwa na uchungu wa kunitoa machozi, kwamba jambo hili dogo lingetosha, lingetosha kabisa, kama angenifanyia siku moja tu alipokuwa na miguu miwili.